Mrejesho: zawadi ya kupeleka Samoa

Wapendwa, niliwauliza nibebe zawadi gani kwa familia itakayonipokea kijijini, kisiwa cha Upolu huku Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, ninakojitolea kufundisha, na sikukuu za ugenini nitazivumiliaje. Wengi mlisema kanga. Asanteni sana.

Mama mwenyeji aliifunga palepale juu ya lavalava yake, kitambaa cha kujifunga kiunoni, akatoka kuwaonyesha majirani. Nilipomtafsiria maneno ya kanga hiyo, "Mgeni njoo mwenyeji apone", aliniomba nirudie.

Sikukuu niliyoiogopa ilikuwa Lotu Tamaiti, siku ya watoto, Jumapili ya pili ya Oktoba. Watoto huvaa nyeupe, husema kanisani mistari waliyoikariri, na nyumbani wao ndio hula kwanza huku wakubwa wakiwahudumia. Natamani na kwetu tungekuwa nayo!

Alfajiri vijana walikoka moto wa umu, jiko la mawe ya moto, mawe yakapata joto. Mimi nikapewa nazi na mbuzi, mbuzi kabisa kama ya bibi yangu Pangani. Machicha yalikamuliwa kwa nyuzi za mmea, likatoka tui zito jeupe, likachanganywa na kitunguu na chumvi, likamiminwa kwenye majani machanga ya magimbi na kufungwa. Hiyo ndiyo palusami. Iliivia juu ya mawe pamoja na shelisheli, na harufu ile ilinitoa machozi.

Upweke bado upo, hasa jioni. Ila huku tumewatangulia kwa muda wa saa kumi, kwa hiyo nikimaliza chakula cha usiku mama yangu ndiyo kwanza anakunywa chai ya asubuhi. Hapo ndipo nampigia.