Mayai ya konokono kwenye kioo: niyakwangue?

Wakuu, niko South B, Nairobi. Leo nimekuta mistari myeupe, imejikunjakunja kama uzi, kwenye kioo cha tangi langu la maji ya chumvi. Konokono nilio nao ni serithi tu, wale wa gamba refu lililochongoka. Nahofia wakizaana watafunika matumbawe.

— Usiguse, ndugu yangu! Hayo ni ya serithi. Mabuu wake huelea majini. Wengi huliwa na samaki na matumbawe yenyewe, au huvutwa na pampu. Chakula cha bure hicho.

— Ya neriti, konokono wa aina nyingine, ndiyo kero: vidoto vyeupe, vigumu. Kwenye kioo tumia wembe. Kwenye tangi la akriliki (plastiki angavu), kadi ya plastiki.

— Asanteni sana. Nayaacha, na usiku nafunika mdomo wa pampu kwa sponji ili matumbawe yapate kula kwanza.