Nimelipa treni mara mbili sababu saa sita usiku ilipita nikiwa Nakuru

Wadau nimenyamaza na hii kitu wiki nzima nikisema wacha hasira ipoe nisije nikaandika matusi, haijapoa, kwa hivyo naandika hivyo hivyo.

Naishi Nakuru, kwetu ni Vihiga. Senge wangu, yaani shangazi, aliaga na mazishi yakawekwa Jumamosi tarehe 20, na mnajua Desemba ni Desemba, nilipita stage jioni kuuliza nauli ya Kisumu makanga akanitajia bei nikamwambia rudia nikidhani sijaskia vizuri. Akarudia, na akaongeza ati kesho itakuwa juu zaidi. Nikasema basi wacha nipande treni. Hii treni ya Kisumu iliporudi 2021 baada ya kulala miaka, ikonomi kutoka Nairobi ilikuwa 600, ni treni ya watu kama sisi, unasinzia kwa siti unashtuka uko Kibos kumekucha. Kawaida ni ya Ijumaa lakini kwa sababu ya sikukuu wakaongeza, ikawa Ijumaa iko na Jumamosi iko. Balaa yangu yote imetoka hapo, ingebaki ya Ijumaa pekee nisingekuwa na pa kukosea.

Sasa hebu fikirieni na mimi polepole. Treni inatoka Nairobi saa kumi na mbili unusu jioni. Iteremke bondeni, isimame Naivasha, ijivute vile inajivutanga, ikifika Nakuru saa sita usiku imeshapita. Saa sita ikishapita ni siku gani? Mimi nikachukua simu, kutoka nikaweka Nakuru, kufika nikaweka Kisumu, tarehe nikaweka 20, kwa sababu napanda tarehe 20, saa saba usiku ya tarehe 20, nafika Kisumu asubuhi ya tarehe 20 na senge anazikwa tarehe 20. Hakuna mahali niliambiwa tarehe inahesabiwa kutoka Nairobi. Lakini pesa ilichukuliwa mbio, meseji ya M-Pesa iliingia kabla sijaweka simu chini.

Usiku wenyewe nikafika stesheni mapema na shuka na begi. Jamaa wa getini akamulika simu yangu na tochi, sekunde mbili hivi, akasema "panda mama, haikai sana." Nikapanda. Kwa siti yangu nikapata kijana amelala mdomo wazi, nikamgusa bega, samahani kijana wangu hapa ni pangu, akatoa simu yake na jicho moja limefunga. Behewa ni lile lile, siti namba ile ile. Tukaangaliana. Mimi nikajua tu wameuza siti moja kwa watu wawili, si ndio mambo ya sikukuu, nikaketi juu ya begi langu pale katikati ya njia nikingoja mkubwa wao aje atupange.

Akaja tukiwa tumepita Njoro.

"Mama, hii tiketi si ya leo."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Hii ni ya tarehe ishirini."

"Nimeskia. Angalia simu yako uniambie leo ni tarehe ngapi."

Na akaangalia! Niliona mwanga wa simu ukimpiga usoni, na mimi niko hapo chini yake kwa begi naona skrini yote, 01:32, chini yake tarehe 20. Akanyamaza. Akairudisha mfukoni pole pole, akasema, "Treni ni ya tarehe kumi na tisa."

Yaani treni iko jana na mimi niliye ndani yake niko leo.

Saa hiyo behewa zima limeamka. Kulikuwa na mzee wa kofia, ukimskia tu unajua ni wa Mombasa, akamwambia, "Mwanangu, huyu mama hajakosea. Kwetu jua likizama Ijumaa usiku huo ni wa Jumamosi, wewe umechelewa hata kuhesabu." Watu wakacheka sana. Mkaguzi hakucheka, akasema yeye hahesabu na jua anahesabu na karatasi. Mzee akamjibu basi karatasi yako ilale ikisubiri kuche. Namshukuru huyo mzee popote alipo lakini nadhani hapo ndio aliniharibia kabisa, maana yule jamaa aliona anachezewa mbele ya watu.

Akasema kwa sauti, ya kufika hadi mlangoni, "huyu amepanda bila tiketi." Na tiketi yangu ameishika mkononi mwake akisema hivyo. Mimi nafundisha watoto wa chekechea, hata kwa mpira sijawahi kuruka fensi. Mtoto mmoja siti ya nyuma akauliza mamake, "ameiba nini?" Mamake akamfunika na shuka. Hiyo ndio iliniuma, si pesa.

Kisha nikapewa mambo mawili nichague. Nishuke Molo ama nikate tiketi mpya na faini juu. Anayejua Molo saa nane usiku na ile baridi aniambie mama na begi na maombolezo anashuka kwenda wapi, na nikishuka ningepanda nini, ile yangu ya tarehe 20 yao ingekuja kesho usiku, senge ameshawekwa chini watu wanakunja turubai. Nikasema haya nakata. Akaanza kuandika, nikaona anaandika kutoka Nairobi. Nikamwambia mimi nimepandia Nakuru, jamaa wenu wa getini alinimulika. Ati hana ushahidi nimepandia wapi. Nikamwambia si tiketi imeandikwa Nakuru hapo. Na hapa naomba msome mara mbili, alisema: "Hiyo si halali mama, siwezi kuitumia kama ushahidi."

Jumla 1,200. Kwa simu sikuwa nazo. Nilifungua bahasha ya chama, ile wamama wa Kaptembwo walichanga nipeleke matanga, na majina yao yameandikwa juu na kalamu, nikatoa humo. Mzee wa kofia akanipa mia mbili nikakataa akaiweka tu juu ya begi. Halafu baada ya kulipa bado sina pa kuketi, maana siti ni za watu! Londiani, Fort Ternan, zote nimezipita nimekaa chini nahamisha miguu kila mtu akienda choo. Tulipoingia kwa miwa za Muhoroni dirisha linaanza kuwa jeupe ndio kijana wa siti yetu akaniambia mama keti kidogo, mimi nimelala ya kutosha.

Mnadhani imeisha. Kisumu nikaenda kwa kaunta hata kabla ya chai, nikaeleza vizuri bila hasira, jamani nimelipa mbili nirudishieni ya kwanza ambayo sijatumia. Dada wa pale, mpole kabisa, akaiangalia akasema, "Lakini mama hii tiketi yako iko sawa. Treni yake inatoka Nairobi leo jioni, hatuwezi kurudisha pesa ya tiketi nzuri." Nikamwambia usiku nimeambiwa si halali. Akasema ya usiku haikuwa halali kwa treni ya jana, kwa ya leo ni halali. Nirudi Nakuru niipande! Nirudi Nakuru, nikae stesheni hadi usiku, nipande kuja mahali nilikuwa nimesimama.

Nikaenda mazishini. Bahasha niliipeleka ikiwa nyembamba na nikaeleza mbele ya watu kwa nini majina ni kumi na sita na pesa haifiki. Wengine waliamini.

Usiku huo nimelala chini na wageni, nikaamka saa saba hivi, nikafikiria siti yangu sai inapita Nakuru ikiwa tupu. Ama wameiuzia mwingine, sitashangaa.

Jumatatu nikapiga simu. Mara ya tatu ndio ikashikwa. Naambiwa tiketi imepita muda, pesa hairudi, ningeomba mapema kabla treni haijaondoka. Nikamwambia niliomba, kabla, kaunta ya Kisumu, asubuhi. Ati niliomba wakati gani, nikamwambia tarehe 20, akaniuliza, wallahi sidanganyi, "ya treni ama ya kalenda?"

Kumbe wanajua! Kumbe wana tarehe mbili na wanajua ziko mbili, ni sisi tu hatuambiwi. Reli hii imefika Kisumu tangu 1901, sisi wa Nakuru si leo tumeanza kupanda usiku wa manane, na pale kwa kuchagua tarehe imeshinda mtu kuandika maneno matatu, tarehe ya Nairobi. Kosa ni langu, sawa, nimekubali nilibonyeza 20. Lakini kosa la kubonyeza na kuiba safari ni kitu kimoja? Ningetaka kuiba si ningepanda bila kulipa chochote, nani mwizi analipia siti ya kesho ndio aibe ya leo?

Nataka ile nauli ya kwanza na hiyo faini. Kama kuna mtu humu alishawahi kurudishiwa aniambie alienda ofisi gani na alishika karatasi gani, risiti ya ile ya Nairobi ya uongo bado ninayo.

Na wa Nakuru, Njoro, Molo mnaokuja huku mwaka mpya, ukitaka kufika Jumamosi nunua ya Ijumaa. Na wewe ambaye umeshaanza kuniandikia "ungesoma vizuri", niambie kwanza ningesoma wapi.