Mechi zetu za nyumbani zinachezwa Perth. Hii bado ni North Melbourne?

Milia ya Buluu
Ndugu zangu, jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. North Melbourne, timu yangu ya futi ya Australia, ligi ya AFL, ina mechi 2 kila msimu zinazoitwa za nyumbani na zinachezwa Australia Magharibi. Mkataba umeanza 2025, unakwenda hadi 2027. Mwaka ule wa kwanza West Coast, timu ya huko huko, tulicheza nao Bunbury, huko kusini ya Perth, na Fremantle tukacheza nao Perth penyewe, kwenye uwanja ambao Fremantle ndiyo kwao! Mwenyeji anapanda ndege zaidi ya kilomita 2,700, mgeni analala kitandani kwake na asubuhi anakuja na gari lake. Mechi ya nyumbani ya nani hiyo?

Jibu nalijua: pesa. Kabla ya hapo ilikuwa Sydney na Canberra, ikaja Gold Coast, halafu Hobart, Tasmania, tangu 2012. Mwaka 1999 hata jina walitunyofoa, tukawa Kangaroos tu, mpaka 2008 ndipo tukarudishiwa North Melbourne. Na Desemba 2007 ligi ilitaka tuhamie Gold Coast moja kwa moja, na pesa nono mezani. Bodi ikakataa. Mimi ile siku nasema ni kubwa kuliko kombe la 1996 na la 1999.

Kadi yangu ya uanachama nalipa kila mwaka. 2021 na 2022 tumemaliza mkiani, 2023 na 2024 nafasi moja juu ya mkia, na mimi nipo kitini. Mwaka 2022 wimbo wa ushindi tuliuimba mara 2 tu msimu mzima. Ya pili ilikuwa dhidi ya Richmond, mwezi wa saba, pointi 4 tu. King'ora cha kumaliza mechi kilipolia, mzee mmoja Mgiriki anayekaa mbele yangu aligeuka akanishika uso kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto aliyetoka hospitali. Hatujuani majina mpaka leo. Huyo mzee Perth ataendaje?

Kwa hiyo nauliza: ni halali klabu kuuza mechi za nyumbani? Na tafadhali nataka wanaolipia ndio wajibu. Hawa mashabiki wa tiketi za bure, timu ikachezee hata mwezini, kwao ni sawa.

Ingwe Damu
Kaka, pole, lakini kwetu hiyo si habari. Mimi ni wa AFC Leopards, klabu ya soka ya Kenya tunayoiita Ingwe, tangu tumboni. Nyumbani kwetu leo ni Nyayo, kesho Kasarani, keshokutwa Machakos. Na Ingwe ni Ingwe tu. Timu ni watu, si nyasi.

Fundi wa Tarneit
Mimi nitasema lisilopendeza. Hawthorn, nao ni wa Melbourne, wanacheza baadhi ya mechi zao Launceston, Tasmania, tangu 2001. Katika muda huo wamebeba kombe 2008, wakabeba 2013, 2014 na 2015 mfululizo. Kuna mtu wa Hawthorn umemsikia akilia kwamba si timu ya Melbourne tena? Na kocha aliyebeba hayo yote manne ni Alastair Clarkson, ambaye leo yuko kwetu. Hizo pesa za Perth ndizo zinazolipa makocha, madaktari, mazoezi ya watoto. Timu isiyo na pesa katika ligi hii inajulikana mwisho wake: Fitzroy. Mwaka 1996 tulikaribia kuungana nao, vilabu vingine vikapiga kura ya hapana, Fitzroy wakaunganishwa na timu ya Brisbane. Nenda kamuulize shabiki wa Fitzroy kama angeuza mechi 2.

Mama wa Ghorofa ya 12
Nimesoma vizuri mpaka mstari wa mwisho. Hapo kwenye tiketi za bure nimeweka simu chini, nikanywa maji, nimerudi.

Mwanangu alianza na tiketi ya bure. Tulikuwa na miezi minane nchini, maghorofa ya serikali hapo North Melbourne, Kiingereza chake cha kuhesabu maneno. Pale Arden Street klabu ina Huddle, kituo cha vijana walichokifungua 2010, watoto wetu wanakwenda jioni kusaidiwa masomo. Huko ndiko alikopewa tiketi na skafu. Ile skafu niliifua kwa mkono pamoja na shati lake la shule, buluu ikatoka yote, shati likawa na rangi ya mbingu. Nikataka kununua lingine. Akakataa. Alilivaa hivyo hivyo mpaka likambana mabegani.

Huyo mtoto leo ni fundi umeme. Kadi za uanachama nyumbani kwangu ni 3 na analipa yeye. Sasa wewe uliyelipa, niambie: mbegu hiyo ilipandwa na kadi yako?

Milia ya Buluu
Dada, sikukusudia wewe. Nimekusudia wale wanaopewa tiketi na bosi kazini, wanakaa viti vizuri, wanapiga picha, robo ya tatu ikiisha wameshafika maegeshoni.

Mama wa Ghorofa ya 12
Uliandika "mashabiki wa tiketi za bure". Hukuandika bosi. Mimi kusoma najua.

Mwana Kigoma
Hapo kwenye kuondoka mapema na mimi mmenigusa. Mimi ninaondoka kila mechi ya Jumamosi usiku kabla ya king'ora, kwa sababu saa 5 usiku naingia zamu ghalani, na ghala liko mbali. Miaka sita sasa. Naondoka mgongo mgongo, naangalia uwanja huku napanda ngazi, na redio nimeweka sikioni. Siku moja jamaa wa safu yetu alinizomea, eti "kwaheri, mshabiki wa jua". Nilikuwa na buti za kazi miguuni, anaziona! Sasa nawe unaleta habari za maegesho. Mimi sina hata gari, naondoka na treni.

Fundi wa Tarneit
Mwana Kigoma, kuondoka ni kuondoka. Mimi na familia tulikaa mpaka mwisho hata zile siku za kufungwa pointi 100. Sisemi wewe si shabiki. Nasema king'ora ni king'ora.

Mwana Kigoma
Kodi ya nyumba nayo ni kodi, kaka. Na wewe unayetetea Perth ndiye unanifundisha uaminifu? Timu ikiondoka jiji zima ni biashara, mimi nikiondoka dakika kumi ni usaliti?

Ingwe Damu
Hapo umemshika bana.

Yaya wa Uvira
Mimi ninawasoma tu, lakini kitu kimoja kinanishangaza. Mnagombana nani shabiki wa kweli, na hakuna aliyesema kwa nini sisi tulichagua North. Wengi wetu tumekuja kwa sababu ya Majak Daw, yule kijana mweusi wa kwanza aliyezaliwa kambini Kakuma, akacheza 2013 na teke lake la kwanza likawa goli. Siku ile kwetu tulipiga kelele mpaka jirani akabisha mlango akidhani kuna msiba.

Mtoto wa Kakuma
Yaya, shikamoo, ila hapo umechanganya na mimi Kakuma ni kwetu siwezi kunyamaza. Majak alizaliwa Khartoum, akapitia Misri, akafika Australia 2003. Ni kweli ndiye wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza ligi hii, na goli la teke la kwanza ni kweli, dhidi ya Brisbane. Aliyezaliwa Kakuma ni Aliir Aliir, wazazi wake wa Sudan Kusini. Alianzia Sydney, akaenda Port Adelaide. Hajawahi kuvaa milia yetu.

Yaya wa Uvira
Marahaba mwanangu. Basi nimewachanganya, lakini kelele zile zilikuwa za Majak, hizo sijachanganya.

Pwani Tupu
Samahani, mimi niko Mombasa, hii futi yenu naiona kwenye simu tu. Uwanja wa duara, watu 18 kila upande, mpira kama yai, wanaukamata kwa mikono halafu mnauita mpira wa miguu. Na ukikosa goli unapewa pointi 1! Tangu lini mtu akazawadiwa kwa kukosa?

Mtoto wa Kakuma
Kuna nguzo 4. Ukipiga kati ya zile mbili ndefu bila mtu kuugusa ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ni pointi 1. Si zawadi ya kukosa, ni malipo ya kukaribia. Hiyo Richmond ya 2022 ilikuwa tofauti ya pointi 4, sasa piga hesabu hizo moja moja zilivyokuwa na thamani.

Pwani Tupu
Malipo ya kukaribia. Haya, ligi yetu ingekuwa hivyo timu yangu ingekuwa bingwa.

Milia ya Buluu
Turudini kwenye swali jamani. Fundi, hilo la Hawthorn nimelisikia miaka kumi. Hawthorn walikwenda Launceston wakiwa na nguvu, na Launceston hawakuwa na timu yao ya ligi. Watasmania waliwapokea kama wageni wa heshima. Sisi tunakwenda Perth kwenye mji wenye timu mbili. Hatupati hata shabiki mmoja mpya pale. Tunakwenda kuwa kiingilio cha watu wengine. Na huko Hobart nako, miaka zaidi ya kumi tumewajengea mapenzi ya futi, sasa wanapata timu yao, Devils, inayotarajiwa kuingia 2028. Tumelea mtoto wa jirani.

Fundi wa Tarneit
Na bila hizo pesa za jirani ungekuwa unashabikia nini leo? Unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipia wafanyakazi mshahara.

Milia ya Buluu
Nimelipa! Nilikuwa na gereji Sunshine, vijana watatu, na mwezi mbaya nilikopa nikawalipa. Sikumkodishia mtu jina la gereji yangu.

Mama wa Ghorofa ya 12
Sasa nisikilize wewe wa milia, maana umenikasirisha na bado niko upande wako, hujaliona tu.

Hii mechi ikienda Perth, nani anaikosa? Wewe una uwezo. Ukitaka utakata tiketi ya ndege, au utaangalia nyumbani kwenye televisheni kubwa. Mzee wako wa Kigiriki labda ana watoto wa kumpeleka. Anayeikosa ni mtoto wa ghorofa ya 12 aliyekuwa atembee kwa miguu na wenzake mpaka kwenye tramu, na tiketi ya Huddle mfukoni. Kwake mechi za Docklands, uwanja wetu wa hapa mjini, ndiyo njia pekee. Ukipunguza 2, umempunguzia 2. Nyinyi mnahesabu dola za mkataba, mimi nahesabu Jumamosi za mtoto.

Na sisi tunajua kuhamishwa. Serikali imetangaza tangu 2023 kwamba maghorofa yote 44 ya Melbourne yatabomolewa mpaka 2051, na lile la Alfred Street, hapa North Melbourne, liko kwenye yale ya mwanzo. Majirani zangu wa miaka mingi, mmoja amepelekwa huku, mwingine kule. Timu ndiyo inayotukutanisha siku hizi. Dada mmoja Msomali tulikuwa tunashika lifti moja, sasa namuona mapumziko ya nusu mechi tu, kwenye ngazi za geti, tunakula sambusa alizofunga kwenye foili.

Mwana Kigoma
Mama, lile geti la kusini? Mimi hupita hapo nikiondoka. Kumbe ni nyinyi wenye harufu ile.

Ingwe Damu
Mama hapo kwa Jumamosi za mtoto, mimi narudisha maneno yangu ya nyasi. Sisi Ingwe wakienda Machakos tunapanda matatu tunafika. Perth hakuna matatu.

Fundi wa Tarneit
Mama nakuheshimu na sitabishana na wewe kuhusu mtoto. Lakini Huddle yenyewe inaendeshwa na klabu. Klabu ikifa, tiketi ya bure itatoka wapi?

Mama wa Ghorofa ya 12
Wanachama tumepita elfu 50 na timu iko chini ya msimamo. Klabu hiyo inakufaje? Mnatutisha na Fitzroy kama watoto wanavyotishwa na zimwi.

Yaya wa Uvira
Haya ni maneno.

Milia ya Buluu
Dada, ule mstari wa tiketi za bure nauondoa. Nisingeuandika. Lakini la kuondoka mapema siliondoi, Mwana Kigoma anisamehe.

Mwana Kigoma
Sijasamehe. Njoo unishikie zamu Jumamosi moja, nikae mpaka king'ora, halafu tuongee.

Milia ya Buluu
Ghala gani? Leseni ya kuendesha folklifti ninayo.

Mwana Kigoma
Unasema kweli?

Milia ya Buluu
Nasema kweli. Lakini si mechi ya Collingwood.

Mama wa Ghorofa ya 12
Geti la kusini, nusu mechi. Sambusa za nyama na za dengu. Fundi naye aje, nina hesabu zake sijamaliza.