Tupeane uzoefu: mliokwenda Kiubo, Lofoi na maporomoko mengine ya maji hapa Katanga, Kongo, nini kiliwapata majini?

Mwana wa Kamalondo
Ndugu zangu, mdogo wangu na wenzake wa chuo wamekodi basi, tarehe 30 Juni wanakwenda Kiubo. Jana usiku nilimsikia kwenye simu akisema wataruka kutoka juu ya jiwe. Sikulala. Pale pale Kiubo niliteleza miaka mitatu iliyopita. Jiwe ukiliangalia ni kavu, ukilikanyaga lina utelezi kama dongodongo (bamia). Nilishika mzizi, na huo mzizi ndio uliniponya. Andikeni yaliyowapata nimsomee, maana mimi peke yangu hanisikii tena.

Kijana wa Ruashi
Kiubo nimekwenda mara nne, hakuna shida. Juni mvua imekwisha zamani, maji yamepungua. Waache vijana wafurahi.

Mtoto wa Likasi
Maji yakipungua ndipo mawe yanapokaribia juu, kaka. Kina ulichorukia mwezi wa tatu hukikuti mwezi wa sita. Ukiruka kutoka mita 10 unafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, mwendo wa gari barabarani. Binamu yangu aliruka mahali alipokuwa amerukia mwaka uliotangulia. Leo anatembea na magongo.

Mukubwa wa Kenya
Bantu banasema banajua kuogelea. Mayi ya Lufira, ule muto wa Kiubo, haijue jina ya mutu.

Msafiri Kampemba
Mnaongea Kiubo wakati Lofoi ipo! Maji yanaanguka mita 384 moja kwa moja, ndani ya hifadhi ya Kundelungu. Hakuna kama hiyo Afrika ya kati.

Mtoto wa Likasi
384 umeitoa wapi? Sema zaidi ya 300 tutaelewana. Halafu kiangazi kikikolea inabaki kama uzi.

Msafiri Kampemba
Umefika wewe? Mimi nimefika.

Mama wa Katuba
Baba zangu, tunaongea roho za watu, ninyi mnapima mita. Nilikuwa sitaki kuandika, lakini hilo neno la kuruka limenirudisha mbali.

Miaka tisa iliyopita tulikwenda na kwaya kwenye maporomoko madogo upande wa Kundelungu. Hayazidi urefu wa nyumba mbili. Tulipika, tukaimba, watoto wakaingia majini. Mtoto wa dada yangu, miaka 14, alitaka kupita nyuma ya maji yanayoanguka. Alipokaribia tu, hakurudi. Alikuwa anapiga mikono mbele yetu, hatua kumi na tano hivi, na hasogei. Baadaye mvuvi wa kijiji ndiye aliyenieleza: pale chini maji yakishaanguka yanageuka na kumrudisha mtu kwenye mwanguko, na lile povu jeupe limejaa hewa, halimbebi mtu hata awe hodari namna gani.

Alikuwa anaita. Tuliona mdomo unafunguka, sauti hatukuisikia kwa ngurumo ya maji. Wengine nyuma walikuwa bado wanapiga makofi wakidhani anacheza.

Mjomba wake, kaka yangu wa kuzaliwa, aliruka na suruali yake. Alimfikia, akamsukuma nje. Kijana mmoja wa kijijini akamtupia mtoto bidoni (dumu) tupu ya lita 20 iliyofungwa kamba, akaishika, tukamvuta. Kaka yangu tulimwona mara moja tena, kichwa tu. Tulimpata jioni, chini zaidi, penye majani.

Mtoto yupo, sasa ana mke. Kila mwaka siku ile hali chakula. Ile bidoni ilikuwa mita chache kutoka kwenye sufuria zetu. Sisi watu wazima arobaini, hakuna aliyefikiria kuitupa kwanza.

Mwana wa Kamalondo
Pole sana mama. Pole sana.

Mukubwa wa Kenya
Pole mama. Mungu amupumzishe.

Baba Mapacha
Pole mama yetu. Ninachojua mimi, mtu akitolewa majini mbebe kichwa chini, mkamue tumbo maji yatoke.

Muuguzi wa zamu
Hapana baba, tafadhali. Kumkamua tumbo kunaleta matapishi, yanaingia kwenye mapafu. Mlaze chali. Kama hapumui, mfunge pua, mpulizie mdomoni mara 5, ndipo umgandamize kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivyo hivyo bila kuacha. Aliyezama amekosa hewa, mpe hewa kwanza. Na hata akiamka akacheka, mpelekeni hospitali siku ile ile.

Baba Mapacha
Wazee wetu walifanya hivyo na watu walipona.

Muuguzi wa zamu
Waliopona ndio mnaowasimulia, baba.

Mzaliwa wa Mwadingusha
Niongeze la kwetu. Chini ya bwawa msiogelee kamwe, jua liwe linawaka namna gani. Wakifungua milango maji yanapanda na wewe umekaa juu ya jiwe katikati. Na kwenye mito ya mlimani, msimu wa mvua, maji safi yakibadilika kuwa ya udongo na vijiti vinaelea, toka hapo hapo. Mvua imenyesha huko juu, kwenu bado haijafika.

Kijana wa Ruashi
Nimesoma ya mama mara mbili. Nafuta niliyosema juu. Kweli, katika zile safari nne, mara mbili nilikuwa nimekunywa, sikumbuki hata niliingia majini vipi.

Mtoto wa Likasi
Wakifika waende kwanza kwa chifu. Wenyeji wanajua mamba wanakaa wapi na maji yanavuta wapi. Wakisema pale mizimu inakataa, basi pale msiingie.

Mwana wa Kamalondo
Nimemsomea yote. Kwenye habari ya mjomba aliomba nisimame, akatoka nje. Amerudi amesema hawataruka. Leo tumenunua kamba ya mita 20 na nina bidoni mbili nyumbani. Zinatosha?

Mama wa Katuba
Kamba iongeze, ifike 30. Bidoni zifungwe vifuniko vizuri, tupu kabisa. Na zifungeni kwenye kamba kabla mtu hajavua shati.