Gitaa la tumbo linavuma, na solo hailii kama ya B.B. King: msaada kabla ya kupanda jukwaani

SoloKisauni
Wajuzi wa gitaa, salaam. Bendi yetu ni bezi, ngoma, kinanda, saksafoni na gitaa langu. Tumeombwa dakika 45 za bluzi kwenye hoteli ya ufukweni huku Bamburi, na tumeamua kufuata mtindo wa B.B. King, yule mpiga gitaa na mwimbaji wa bluzi wa Marekani, hasa ile rekodi yake ya jukwaani ya ukumbi wa Regal, Chicago. Gitaa langu lina tumbo wazi na matundu mawili, na sauti ikipanda kidogo tu linavuma lenyewe. Ampu ni ya Marekani, imeandikwa volti 120. Na noti zake nazipata, lakini hazilii kama zinavyolia kwake. Nianzie wapi?

FundiWaSauti
Anza na kujua kinachovuma ni nini, maana wengi hukimbilia ikwalaiza kabla hawajajua. Mvumo ukianza, laza kiganja juu ya nyuzi zote. Ukikatika, mara nyingi ni nyuzi na tumbo vinavyotikiswa na spika. Usipokatika, shusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri. Ukinyamaza hapo, ni tumbo lenyewe au pikapu (kile kinasa-sauti kilicho chini ya nyuzi) ambayo waya wake wa ndani umelegea. Ukiendelea, ni maikrofoni ya mwimbaji, gitaa halina kosa. Hata sikio litakwambia: gitaa la tumbo huvuma kwa sauti nzito inayopanda taratibu, maikrofoni hupiga mluzi.

King mwenyewe alihangaika na jambo hili. Alikuwa akijaza matambara ndani ya matundu, na watengenezaji wa gitaa lake, Gibson, walipomtolea modeli ya Lucille (jina alilolipa gitaa lake) mwaka 1980 hawakuitoboa matundu kabisa. Wewe chukua sifongo la godoro, kata vipande vinavyopita tunduni kwa kubanwa, na kila kimoja ukifunge uzi wa kukivutia nje baadaye. Visiguse nyaya za volyumu na toni. Kiungo kimoja cha waya, kilichochomewa kwa risasi, kikiachia huko ndani, kukifikia ni kazi ya nusu siku. Kama hutaki kujaza, ziba matundu kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi. Tepu ya nailoni kwa joto letu huacha gundi na hubandua vanishi.

Halafu angalia unaposimama. Ukiielekezea spika kifua cha gitaa, sifongo halitakuokoa. Ampu iwe ubavuni, monita (spika ya wanamuziki kujisikia) iwe upande wa pili, na kwenye miksa punguza eneo la hezi 200 mpaka 250 kwa desibeli 3, sikiliza, kisha punguza tena ikibidi.

Ampu ya volti 120 usiichomeke kwenye soketi ya 240 hata kwa kujaribu. Nunua transfoma ya kushusha umeme. Kwa ampu ya wati 100, ya wati 500 inatosha bila kuchemka. Hakikisha ina pini ya tatu ya athi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) inayopita mpaka upande wa pili, kwa sababu nyingi ndogo hazina. Vyombo vikishawashwa, na kabla mwimbaji hajasogeza mdomo, pima kwa mita volti za AC kati ya nyuzi za gitaa na kichwa cha maikrofoni. Mita ikionyesha makumi ya volti, msipige mpaka ampu na miksa ziwe kwenye laini moja yenye athi nzima. Kukata pini ya athi ili kuondoa mngurumo ni kutafuta kifo.

FretiYaKumi
Fundi kamaliza upande wa umeme, mimi niseme juu ya mkono. Na usidanganywe kwamba lazima ampu ya valvu: miaka mingi King alipigia Lab Series L5, ampu ya transista, kwa sauti safi.

Ule mlio uko kwenye mtetemo. Kidole cha shahada kinakaa juu ya uzi, gumba linaachia shingo, na mkono wote unatikisika ukiegemea ncha ya kidole hicho kimoja. Alikuwa akitafuta mlio wa chuma cha kuteleza juu ya nyuzi alichokitumia mwanabluzi Bukka White, jamaa wa upande wa mamake. Kosa la kawaida ni kutikisa kidole huku gumba limebana shingo. Mtetemo unakuwa wa haraka na mwembamba. Kosa jingine ni kutikisa mapema. Piga noti, iache inyooke kidogo, ndipo uitetemeshe.

Kwa ufunguo wa A, weka kidole cha shahada uzi wa pili (kuhesabu kutoka ule mwembamba), freti ya 10. Hiyo ndiyo A yako, nyumbani. Karibu yote unayohitaji yako hapo: uzi wa pili freti ya 12, uzi wa kwanza freti ya 10 na ya 12, uzi wa tatu freti ya 11. Sasa shika hili vizuri. Freti ya 12 ya uzi wa pili ni B. Bendi ikiwa kwenye kordi ya A, sukuma uzi pembeni uivute noti hiyo toni nzima ifike C kali (C#). Bendi ikihamia D, ivute nusu toni tu, iishie C ya kawaida. Ukiivuta mpaka C kali juu ya D inagongana na kordi, na msikilizaji asiyejua hata jina la noti atakunja uso. Wengi wanaosema "nimeshapata noti zote" wanapotelea hapa.

Na usipige kordi. King hakuwa mpiga kordi, na akiimba gitaa lilinyamaza. Sauti inasema, gitaa linajibu, vile fidla inavyomjibu mwimbaji wa taarabu anaposhusha pumzi.

BiKinanda
Ndiyo maana bendi ndiyo inayobeba mzigo, kaka. Regal ilirekodiwa tarehe 21 Novemba 1964, Sonny Freeman akiwa kwenye ngoma. Isikilize bila kufuata gitaa hata mara moja, utaona nyimbo zinaunganishwa: King anazungumza na watu huku bendi ikiendelea chini, wimbo wa pili unaingia kabla makofi hayajafa. Kuna mahali bendi inakatiza kabisa, anaimba mstari peke yake, na ukumbi unapiga mayowe. Mkatizo ule unataka mazoezi kuliko solo yoyote. Mpiga ngoma mmoja akichelewa, umeharibika. Watu hawa walikuwa kazini kila usiku. Mwaka 1956 King alifanya maonyesho 342. Alipopanda jukwaa la Kinshasa Septemba 1974, mbele ya watu ambao wengi hawakujua Kiingereza, mpangilio huo huo ulimbeba.

Piga hesabu ya muda. Mzunguko wa bluzi ni baa 12 za mipigo minne minne, yaani mipigo 48. Kwa wimbo wa polepole wa mipigo 60 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 48, kwa hiyo mizunguko sita inakaribia dakika tano. Dakika 45 zako ni nyimbo nane au tisa, zisizidi tatu za polepole, na hizo tatu zisifuatane. Fungueni kwa kipande cha ala tupu bila wewe, uingie bendi ishapata moto. Kinanda na bezi washuke chini kabisa mwimbaji anapoanza ubeti.

Saksafoni yenu ni ya aina ya tena (tenor) au alto?

SoloKisauni
Shukrani nyingi. Ni tena, Bi Kinanda, na karibu nyimbo zote nimezipanga A. Na nyuzi je? Zangu unene wake ni 9 mpaka 42 (elfu za inchi), zinaota kutu upesi.

BiKinanda
Basi hamisha ufunguo. Mpiga tena husoma toni nzima juu ya mnayopiga ninyi: A kwenu ni B kwake, yaani noti tano kali, mpigaji atakuwa anahesabu badala ya kupiga. Nendeni B bapa (Bb): yeye anasoma C, wewe unasogeza mkono freti moja tu, nyumbani panakuwa freti ya 11. Mwimbaji hatahisi hiyo nusu toni.

FretiYaKumi
Seti yenye jina la King ya Gibson ni 10 mpaka 54. Usipoipata mjini, chukua 10 mpaka 46 ya kawaida. 9 ni nyembamba mno kwa mtetemo ule, noti inayumba. Zifunge siku moja kabla, vuta kila uzi kwa mkono na utyuni tena mpaka usishuke. Kutu ni chumvi na jasho, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa kikavu cha pamba kila unapomaliza, na chini ya nyuzi pia. Ukitoka chumba chenye eya kondishena kwenda jukwaa la nje, liache gitaa ndani ya kasha lililofungwa kama nusu saa, ndipo ulifungue na kutyuni. Ukilitoa papo hapo, mvuke unaganda juu ya nyuzi na tyuni inahama katikati ya wimbo wa kwanza.