Nyumba iliyokarabatiwa ili iuzwe haraka, au ya mzee kama ilivyo?

Kibopa_Mdogo
Wakuu salaam. Nimepata nyumba mbili, zote Tabata, Dar es Salaam, zote vyumba vitatu. Ya kwanza imekarabatiwa: dari la jipsamu, marumaru mpya, madirisha ya alumini, jiko la makabati. Bei milioni 135. Muuzaji aliinunua mwaka jana na hajalala humo hata usiku mmoja. Ya pili ni ya mzee mstaafu, bati lina kutu, choo cha kizamani, rangi imebanduka. Anataka milioni 90. Mke wangu ameshaipenda ya kwanza. Mimi roho inasita.

FundiKenchi
Jipsamu mpya chini ya bati kuukuu ndiyo mchezo wenyewe, mkuu. Panda darini na tochi uangalie kenchi, yaani mbao za paa: mchwa, madoa ya maji, waya za zamani zilizoungwaungwa. Ukutani, skimu (plasta laini ya juu) huficha chumvi kwa muda tu, masika ikipita rangi inavimba kuanzia chini. Chungulia nyuma ya makabati na stoo, huko wengi hawapaki. Halafu fungua mabomba yote kwa pamoja, mwaga ndoo kadhaa chooni, usimame kwenye chemba uone maji yanakwenda au yanarudi. Sinki hubadilishwa, shimo huachwa lilelile.

MamaWawili
Kabla ya kupanda darini, hati ina jina la nani?

Kibopa_Mdogo
Bado jina la mmiliki wa kwanza, dada. Huyu ananionyesha mkataba wao wa mauziano na hati ya uwakala.

MamaWawili
Nilijua. Hawa wa kununua na kuuza hawapendi kuhamisha jina, maana kila uhamisho una gharama: ushuru wa stempu asilimia 1, na TRA, watu wa kodi, wanadai asilimia 10 ya faida ya aliyeuza. Kwa hiyo anajiruka, ununue moja kwa moja kwa mmiliki wa kwanza usiyemjua. Huyo mtu akifariki kesho, hati ya uwakala imekufa naye, unabaki kushikana mashati na warithi. Na mkewe je, aliridhia? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati uone kama kuna zuio au rehani. Usitoe hata shilingi ya kushikia nyumba kabla ya hapo.

Dalali_Segerea
Msiwaponde wote jamani. Wapo wanaobadilisha bati, waya na shimo, na risiti wanazo. Omba risiti na picha za kabla ya kazi. Halafu ya mzee mmeipigia hesabu? Paa, umeme, choo, marumaru, milioni 30 zinakwenda bila kelele, huku bado unalipa kodi unakopanga. Tofauti inayobaki si kubwa kama inavyoonekana.

FundiKenchi
Hesabu yako naikubali. Ila kwa mzee, geji ya bati, yaani unene wake, mnunuzi anaichagua mwenyewe na waya anaziona zikipita. Kule analipia kazi ya mtu ambaye mvua haitamkuta humo.

Bondeni_Kwetu
Zote mbili, ulizia maji yanafika wapi masika. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Upande wa Tabata unaoshukia Mto Msimbazi, alama za maji ukutani huondoka kwa kopo moja la rangi. Pia kuna mita 60 zisizoruhusiwa kujengwa kutoka kingo za mto kwa sheria ya mazingira ya 2004, ukiwa ndani ya hizo hata hati nzuri haikupi usingizi. Uliza wapangaji wa jirani, dalali muache kidogo.

Dalali_Segerea
Haya bwana 😂

Kibopa_Mdogo
Mrejesho. Mabomba amekubali tuyajaribu. Dari amekataa lisifunguliwe hata kipande kimoja, anasema litaharibika. Nimemwambia aje na mmiliki wa kwanza pamoja na mkewe kwa wakili, tangu hapo simu hapokei. Mke wangu amesoma hapa, bado analilia yale makabati. FundiKenchi, Jumamosi una nafasi twende kwa mzee?

FundiKenchi
Ipo. Ngazi ninayo. Mwambie tu mzee asianze kupaka rangi.