Naombeni ushauri: maji mekundu ya Sabaki yamenishinda

Mwana wa Mambrui: Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mtu wa bahari, mshipi naujua tangu utotoni, lakini mtoni ni mgeni. Kijana wangu wa miaka 11 anataka nimfundishe kuvua samaki wa maji baridi. Jumamosi tatu tumekwenda chini ya daraja la mto Sabaki, karibu na Malindi, na tumerudi mikono mitupu. Natumia chambo cha bandia, visamaki vya plastiki vinavyong'aa. Baharini vinanasa kolekole, huku hata kuguswa havijaguswa. Tena Jumamosi iliyopita maji yalikuwa yamepanda, na Malindi hakujanyesha wiki mbili. Nitumie chambo gani? Na maji ya mto yanasomwaje?

Babu wa Kakuyuni: Wa aleikum salaam mwanangu. Hivyo visamaki viweke mpaka kiangazi, maji yakipungua tope. Chambo cha bandia humvuta samaki kwa macho, na katika tope lile haoni kitu. Kambale hutafuta chakula kwa sharubu na harufu. Mpe kinachonuka: matumbo ya kuku yaliyolala siku moja, au minyoo ya udongoni. Matumbo yafunge kwa uzi kwenye ndoana, ni laini na mkondo utayang'oa. Chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, liwe zito kiasi cha kukaa chini.

Katikati ya mkondo usihangaike. Maji yakipanda kambale hufuata majani yaliyofunikwa, huko ndiko anakozalia na ndiko wadudu waliko. Tupa kando, palipotulia.

Sasa maji. Usiangalie mawingu ya Malindi! Sabaki ndio Galana, na Galana ni Athi uliokwisha kukutana na Tsavo. Mvua ya Nairobi na Machakos inakufikia wewe siku kadhaa baadaye, jua likiwaka. Ukisikia bara kumenyesha sana, kaa nyumbani. Siku njema ni pale maji yanapoanza kushuka, utaona tope bichi ukingoni juu ya usawa wa maji. Mimi nikifika huchomeka kijiti pembeni. Kikianza kuzama, nakusanya vyangu naondoka.

Mshipi Mrefu: Kwa perege tumia donge la ugali mgumu na ndoana ndogo (namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, wengi hukosea hapo). Ukimpata jike ana mayai au vifaranga mdomoni, mrudishe majini taratibu. Ndivyo anavyolea.

Na usishuke sana hadi mlangoni mwa mto, unapoingia baharini. Bamvua (maji makuu) likijaa bahari inaingia mtoni, utapata mkizi na si kambale.

Kijana wa Ganda: Kambale ni wa usiku, kaka. Nenda saa mbili usiku na tochi, utarudi na gunia.

Mama Ukingoni: Hapana, hapana. Mwanangu, usimsikilize huyu, una mtoto. Mto huu una mamba, na viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Ukisimama kwenye njia yao gizani hutarudi. Mimi nimechota maji hapa maisha yangu yote na bado kila siku nasimama kwanza nikatazama. Mtoto akae hatua nyingi nyuma ya maji, tumia ufito mrefu. Samaki msiwapasulie ukingoni, damu inaita mamba. Jua likielekea kuzama, muwe njiani.

Kijana wa Ganda: Shikamoo mama. Umesema kweli, sikufikiria mtoto. Kaka, alfajiri kukishapambazuka kambale bado anakula, nenda wakati huo.

Mwana wa Mambrui: Ahsanteni sana, na mama shikamoo. Leo tumekwenda asubuhi na matumbo ya kuku. Kijiti hakikuzama, maji yalikuwa yameshuka kama upana wa kiganja. Tumepata kambale mmoja, urefu wa mkono wa kijana wangu, na yeye ndiye aliyemvuta. Lakini alipomshika amechomwa kidoleni, kidole kimevimba kidogo. Anashikwaje?

Babu wa Kakuyuni: Pole zake, na hongera. Kambale ana mwiba kwenye kila pezi la ubavuni, nyuma ya kichwa. Mbane kwa juu shingoni, vidole vipite nyuma ya mapezi hayo, kisha ndipo umtoe ndoana. Kidole akioshe kwa maji na sabuni. Kikizidi kuvimba, mpeleke zahanati.